Moto Nimeuona

Nilikwenda Ngazija kwa harusi, si kwa kazi. Mjukuu wa dada yake bibi alikuwa akifanya anda, ile harusi kubwa ambayo Wangazija huiwekea akiba nusu ya umri wao, na mimi ndiye niliyetumwa kuwakilisha jamaa wa Lamu. Siku mbili baada ya shughuli, tukiwa barazani baada ya Isha, umeme ukakatika. Hakuna aliyeguna. Mtoto aliwasha tochi ya simu, kahawa ikaendelea kumiminwa, na kijana mmoja akasema: "Shangazi amefanya kazi Olkaria ya Kenya, kwenye umeme wa jotoardhi. Mwulizeni kama mlima wetu wa volkano, Karthala, una umeme."

"Unao, tena mwingi," nikajibu.

Ami yetu mmoja, mzee wa upande wa Hambou aliyekulia Ng'ambo ya Unguja na kurudi kwao kijana baada ya Mapinduzi, alikuwa ameegemea nguzo kimya. Amesomesha fikihi miaka mingi. Akaniuliza taratibu: "Mwanangu, unaapa?"

Nikanyamaza. Miaka 22 nimekinga gesi za ardhini kwenye chupa za kioo zilizotolewa hewa, chini zina soda kostiki. Kaboni dayoksaidi na ile gesi inayonuka kama yai viza humezwa na soda. Haidrojeni na methani hubaki juu, na kwa kulinganisha kiasi chake unakisia joto la huko chini ambako hakuna jicho litakalofika. Nimetia sahihi ripoti sijui ngapi. Kuapa sikuwahi kuambiwa. Tena siku iliyotangulia vijana walinipandisha Karthala, na magoti yangu yakagoma nusu ya njia. Mlima una mita 2,361, na mimi nina miaka 63. Kreta sikuiona. Nilikuwa nimejibu kwa mazoea tu ya mtu anayeulizwa mambo ya kazi yake mbele ya watu.

Nikamwambia: "Siapi, ami. Ila dalili ziko wazi."

"Zipi?"

Nikamtajia. Mlima uko hai. Una mashimo yanayofuka moshi. Mwaka 1991 ulilipuka mlipuko wa mvuke, maana yake maji na joto vilikutana mahali fulani ndani yake. Nikamweleza na upimaji wa umeme wa ardhini: miamba ikipikwa na maji ya moto hugeuka udongo laini unaopitisha umeme kwa urahisi, na joto likizidi kama nyuzi 200 udongo ule hugeuka tena ukawa wa aina nyingine isiyopitisha sana. Kwa hiyo mtaalamu hutafuta umbo kama kifuniko cha chungu: juu umeme unapita, chini yake haupiti. Akiliona, moyo unamwenda mbio.

Lakini sikumficha aibu ya kifuniko hicho. Udongo hausahau. Ukishapikwa hubaki umepikwa, hata kama moto wenyewe ulipoa zamani za kale. Unaweza kukuta kifuniko kizuri kabisa na chungu chake kimepoa. Na Ngazija ina shida yake ya ziada: mawe yake ni kama chujio, mvua kubwa inanyesha na yote inazama, kisiwa hakina mto wa kudumu. Kwetu Bonde la Ufa chemchemi za moto hukupa habari za chini hata kabla hujafungua begi la vifaa. Hapa maji yanaondoka na siri zao kuelekea baharini.

Wanafunzi wote wa chuoni wanaujua mfano wa daraja tatu za yakini. Anayeona moshi akajua kuna moto, huyo ana elimu ya yakini; anayeuona moto wenyewe ana jicho la yakini; anayeunguzwa nao ndiye mwenye haki ya yakini. Nikadhani nimepata pa kujiegemeza. Nikasema sisi wapimaji tuko daraja ya moshi, na kisima ndicho kitakachotupandisha ya pili.

Ami akacheka. "Moto nimeuona. Mwezi wa Aprili 1977 nilikuwa Singani." Lava ilipasua ardhi chini kabisa, karibu na watu, ikaufunika mji; wenyewe walikuwa wamehamishwa wakapona. Na kabla ya hapo, mwaka 1903, gesi ya mlima huu iliua watu 17. Na mwaka 2005 majivu yalijaa kwenye mabirika, watu wakakosa maji ya kunywa katika kisiwa kinachotegemea mvua. "Moto sihitaji uniapie. Mimi nimekuuliza umeme."

Nikiri kwamba hapo alinishika. Miaka yote hiyo nimewasikia wenzangu, na mimi mwenyewe, tukizungumza juu ya volkano kana kwamba joto ndilo jambo la ghaibu tunalolitafuta. Joto chini ya Karthala ni kitu ambacho mkulima wa Singani amekihakikisha bila mashine. Kilichofichika ni kwingine: kama kuna maji ya kutosha, kama miamba ina nyufa za kuyapitisha, kama maji hayo yatakubali kupanda kwenye bomba. Djibouti, karibu na Ziwa Asal, wachimbaji walilikuta joto la kutosha, lakini lilikuja na maji yenye chumvi zaidi ya mara tatu ya bahari, na uchafu wake ukaganda ndani ya mabomba. Olkaria yenyewe, ambayo leo watu huitaja kama karama, ilichimbwa mara ya kwanza kuanzia 1956: visima viwili, kimoja cha mita 950, na vyote viwili vikashindwa kutoa mvuke wa kutumika. Mtambo wa kwanza, megawati 15, uliwashwa 1981. Ni robo karne baadaye. Walioanza hawakuwa waongo wala wajinga. Walidhani, na dhana yao ilikuwa na msingi.

Basi nikamjia ami kwa lugha yake. Msafiri aliyepotewa na kibla usiku wa mawingu hasemi, "sina yakini, siswali." Anatazama alichonacho, anajitahidi, anaelekea upande uliomtulia moyoni. Jitihada ndiyo iliyo wajibu wake. Kukadiria jotoardhi ni hivyo hivyo, na haramu ni pale unapoiita dhana yako yakini ili upewe fedha.

"Na akija kuhakikisha kwamba alielekea siko?"

"Kwa madhehebu yetu anairudia sala."

"Anairudia nani?"

"Yeye aliyeswali."

"Haya. Kisima cha dola milioni kadhaa kikitoka kikavu, anarudia nani? Wewe utakuwa Lamu."

Nilikuwa na jibu, ingawa nililitoa kwa sauti ya chini. Upo mfuko wa Umoja wa Afrika, ulioanzishwa 2012 kwa ajili ya Afrika Mashariki na kwa hofu hiyo hiyo, kuzipunguzia nchi mzigo wa kisima kisichozaa. Unachangia mpaka asilimia 80 ya gharama za kupima juu ya ardhi. Kwenye kuchimba unachangia asilimia 40, na kinachobaki anakitafuta mwenye mlima.

Ami alizungusha kikombe chake mkononi. "Thamanini kwa kutazama, arubaini kwa kuchimba," akasema. "Basi na wao hawajaapa."

Kisha akamwita yule kijana aliyeanzisha maneno, akampa noti na dumu, akamtuma dukani kwa dizeli ya jenereta.