Lugha Moja, Ndimi Mbili

Mama wa Muleba asimamapo peke yake mahakamani Bukoba kudai matunzo ya mwanawe, na mzazi mwenziwe akasemewa na wakili, je, wamesimama sawa? Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili. Ila lugha ni moja, ndimi ni mbili: mmoja umenolewa, wa pili watetema.

Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 haipimi ufasaha. Yamtaka hakimu atazame kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha mtoto aishipo. Migomba ya kibanjani humlisha mtoto, haimnunulii daftari wala dawa: hesabu hiyo, ikitajwa kwa ukweli, ni hoja timilifu.

Kutetewa ni haki ya kila mtu. Ila nyuma ya mama yupo mtoto. Baba akishinda, nani kashindwa?