Mjane na Vyombo vya Jirani

Somo la juma hili: 2 Wafalme 4:1–7

Yule mama aliyemlilia Elisha hakuwa mke wa mlevi wala wa mcheza kamari. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, na mama anamkumbusha Elisha jambo hilo kabla hajaeleza shida yake. Mtu huyo alikufa akaacha deni, na sasa mwenye kumdai yuko njiani kuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa wake. Hii ilikuwa nyumba ya ibada. Iliomba, ilitoa, ilihudhuria, na bado ikadaiwa. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mtu akirudisha zaka kwa uaminifu hesabu nyingine zote za nyumbani zitajipanga zenyewe. Mjane huyu angewaambia neno.

Elisha naye hakuitisha harambee. Hakumtuma akaongeze siku za kufunga, wala hakumsema marehemu vibaya. Alimuuliza ana nini nyumbani. Mama akajibu kwamba hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta. Ndivyo tunavyojibu sote: kwanza hatuna kitu, halafu tunakumbuka kile kilichosukumwa kwenye kona.

Ni kweli kwamba kwetu Kiogoro mtu ana sababu ya kusema hana kitu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba ambalo babu alilimia ng'ombe leo limekatwa vipande kwa wana na wajukuu, na kipande cha mmoja unaweza kukizunguka kabla uji haujapoa. Kumhubiria mtu kama huyo kuhusu kuweka akiba, bila kwanza kutazama kipande chake, ni kumdhihaki. Lakini tukitazama, tutaona chupa yake ya mafuta. Kuna migomba. Kuna mparachichi mmoja unaodondosha matunda hadi nguruwe wa jirani wanashiba. Kuna mboga za chinsaga na managu zinazoota nyuma ya jikoni bila kuombwa. Kuna paa la mabati, na juu ya paa kuna mvua, ambayo Mungu hajatunyima watu wa Gusii.

Hapo ndipo agizo la Elisha linapotushika. Alimwambia mama akaazime vyombo vitupu kwa majirani, tena visiwe vichache. Mafuta yakamiminika, yakamiminika, na mtoto aliposema hakuna chombo kingine, mafuta yakakoma. Hayakukoma kwa sababu Mungu alichoka. Yalikoma kwa sababu vyombo vilikwisha.

Nadhani umaskini wetu mwingi uko hapo. Vitu vinatufikia, halafu vinapita kwa kukosa pa kukaa.

Chukua mvua. Paa la nyumba yenye upana wa mita sita na urefu wa mita nane lina eneo la mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni ya alasiri moja tu, inaangusha juu ya paa hilo lita 480 za maji. Toa yanayoruka na kumwagika, bado utabaki na lita 400, yaani mitungi 20 ya lita ishirini. Nyumba isiyo na mfereji wa bati inayaachia maji hayo yachimbe ukuta na kuubeba udongo mzuri hadi mtoni. Kesho yake binti wa nyumba hiyo anabeba mtungi kichwani, anateremka bonde, anapanda tena, anachelewa shuleni. Mfereji na pipa vinagharimu pesa, sikatai. Lakini vipande vya bati vilivyokunjwa kwa mkono na kuning'inizwa kwa waya vimefanya kazi hiyo hiyo katika nyumba nyingi.

Chukua mahindi. Tunavuna Julai na Agosti, wakati kila mtu anavuna na bei iko chini. Hapo hapo karo ya muhula inadai, na makambi ya kanisa ya Agosti yanataka viatu vipya, basi gunia linapakiwa kwenye bodaboda linakwenda. Kufika Aprili mama yule yule anasimama sokoni Daraja Mbili akinunua mahindi kwa gorogoro. Gorogoro moja ni kama kilo mbili, kwa hiyo gunia la kilo 90 ni gorogoro 45. Hebu fanyeni hesabu hiyo nyumbani kwa bei mnazozijua nyinyi wenyewe: mliuza gunia kwa shilingi ngapi, na gorogoro 45 mlizinunua kwa ngapi? Tofauti yake ndiyo kodi tunayojitoza wenyewe kila mwaka.

Wengi watasema wanauza mapema kwa kuogopa dumuzi. Hofu hiyo ina msingi, maana dumuzi hula gunia zima huku kamba imefungwa vizuri. Lakini siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa, ambayo ikifungwa barabara wadudu wanakufa humo ndani bila dawa. Sharti ni mahindi yawe yamekauka. Kupima kukauka hakuhitaji mashine. Tia konzi ya mahindi kwenye chupa kavu, ongeza chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu, na ukungu huo una sumu ambayo imeua watu katika nchi hii.

Halafu kuna pesa zenyewe. Wenye majani chai wanajua kwamba malipo ya kila mwezi ni kidogo na bonasi huja kwa mkupuo baada ya mwaka wa kiwanda kufungwa mwezi Juni. Bonasi ikiingia akaunti isiyo na mpango, inafanana na maji ya paa lile. Mara nyingi namba ya mkulima imeandikwa kwa jina la baba, ilhali vidole vyenye rangi ya chai ni vya mama na watoto. Nitarudi hapo.

Kwa upande mwingine tunanunua kila kitu kwa kadogo: mafuta ya kupima, sukari ya kupima, majani ya chai ya asubuhi moja. Mwenye duka hatuibii, naye ana hasara ya kumwagika na ya muda wake. Lakini mafuta yanayonunuliwa kijiko kwa kijiko, mwisho wa mwezi yamegharimu kuliko mtungi mzima. Maskini ndiye hulipa bei ya juu, kwa sababu hawezi kulipa nyingi kwa mara moja. Wanawake wanne wakichanga, wakanunua mtungi wa lita 20 kwa bei ya jumla na kila mmoja akaja na chupa zake, tayari wamefanya alivyoagiza Elisha. Wazee wetu walikuwa na risaga, majirani wakilima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Vyama vyetu vya leo vinatoka kwenye mzizi huo huo, ingawa baadhi vimegeuka mahali pa kushindana kwa sahani na mapazia.

Agizo moja la Elisha huwa tunaliruka tukihubiri. Alimwambia mama aingie ndani na wanawe na afunge mlango. Majirani waliviona vyombo vikitoka kwao, lakini hawakualikwa kutazama mafuta yakimiminika.

Sisi mlango wetu uko wazi mno. Tunatumia ili tuonekane. Mtu anakopa ili mazishi ya baba yake yasiwe madogo kuliko ya baba wa fulani: mahema, viti, vipaza sauti, msafara wa magari, soda za mamia ya watu, na marehemu mwenyewe miezi sita iliyopita alikosa nauli ya kwenda kliniki. Nimesimama kwenye mazishi mengi ya namna hiyo, na nasema kama mchungaji: kanisa lina sehemu yake ya lawama. Tumesoma orodha za michango kwa sauti, tumewapigia makofi waliotoa nyingi, na aliyetoa shilingi hamsini tukampita haraka. Tukitaka watu wetu wabane matumizi, tuanze kwa kuacha kuwaaibisha. Mazishi ya uji na maombi yaliyoisha saa sita mchana bila deni ni mazishi kamili.

Jikoni sitakaa sana, maana akina mama wa Kisabato wanajua kuliko mimi. Siku ya maandalio inawafundisha kila Ijumaa kupika mara moja kwa siku mbili. Ujuzi huo hauharamishwi Jumanne. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yanakula kuni chache mno kuliko yaliyotiwa sufuriani makavu. Na yakishachemka vizuri, sufuria iliyofunikwa ikazamishwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara na blanketi kuukuu itaendelea kuyaivisha bila moto, huku wewe uko shambani.

Mwisho Elisha alimwambia mama auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kinachobaki. Utaratibu huo tumeugeuza juu chini. Tunaishi kwanza, na deni tunalilipa kwa deni jingine. Mkopo wa simu umekuwa rahisi kuliko kuazima kiberiti. Fuliza ilipokuja mwaka wa 2019 ilitusaidia wakati wa dharura, na bado inasaidia, lakini ada yake inahesabiwa kwa siku. Anayeitumia kununulia mkate kila asubuhi anakula mkate wa bei ghali kuliko wa hotelini. Kama una madeni matatu, lipa kwanza lile linalokua kila siku, hata kama ni dogo, na hata kama mwenye deni kubwa ndiye anayepiga kelele.

Sasa narudi kwa akina baba. Katika nyumba nyingi ninazozitembelea, anayebana ni mmoja na anayetumia ni mwingine. Mama anapunguza sukari, mtoto anavaa sare iliyopasuka, na jioni pesa iliyookolewa inaishia kwenye nyama choma ya watu wawili barabarani. Hiyo si akiba. Ni kumnyang'anya mtu polepole. Vivyo hivyo anayesema anabana matumizi kwa kumcheleweshea kibarua ujira wake anaweka akiba kwa jasho la mwingine, na Yakobo katika waraka wake aliliandika jambo hilo kwa ukali nisiotaka kuulainisha. Nyumbani kwa yule mjane wana ndio waliokuwa wakimletea vyombo. Walijua uzito wa deni, maana ni wao waliokuwa wachukuliwe utumwani. Watoto wetu wasifichwe hesabu ya nyumba. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuandika kwenye daftari kilichoingia na kilichotoka vizuri kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo wapendwa, Jumapili hii keti na mwenzako na watoto, mlango ukiwa umefungwa, na mwandike mambo mawili tu: tunadaiwa nini na nani, na tuna nini nyumbani. Nami nawaomba jambo moja la ziada. Mvua ndefu za Machi haziko mbali. Mwenye pipa, mtungi au mfuko mzima usiotumika nyumbani kwake asiungoje uozee stoo. Aupeleke kwa jirani aliyekosa, kabla ya Sabato ijayo.