Mtoto wa Mfalme Kuwekwa Rehani

Je, ni halali mtu kuthibitisha ahadi yake kwa mwili wa mwingine? Katika China ya kale watawala walifanya hivyo: walipelekeana watoto wao ili mapatano yaaminike.

Lugha ya Kikantoni bado inabeba kumbukumbu ya desturi hiyo. Herufi 質 husomwa zat inapomaanisha ubora au asili ya kitu, na zi inapomaanisha rehani. Mateka huitwa jan zi, yaani mtu aliyewekwa rehani. Kiswahili hutenganisha mambo haya mawili: mateka hutekwa na adui, lakini rehani hutolewa na mwenyewe. Mtoto wa mfalme hakutekwa. Alitolewa na wazazi wake.

Mtetezi wa desturi hii atasema kuwa ni afadhali mtoto mmoja aishi ugenini kuliko maelfu wafe vitani. Hoja hiyo ina uzito, ilimradi amani ipatikane kweli. Mwaka 720 K.K., mfalme Ping wa Zhou na mtawala Zhuang wa Zheng walikuwa wamebadilishana wana. Mfalme alipofariki mwaka huo, majeshi ya Zheng yaliingia na kuvuna nafaka za Zhou kwa nguvu.

Mfano wa pili unauma zaidi. Yiren alikuwa mmoja wa wana zaidi ya 20 wa mrithi wa kiti cha Qin, na mama yake hakupendwa na mumewe. Ndiye aliyepelekwa Handan, mji mkuu wa Zhao. Qin iliendelea kuishambulia Zhao kana kwamba hakuwapo. Handan ilipozingirwa mwaka 257 K.K., watu wa Zhao walitaka kumwua, akaponea chupuchupu baada ya walinzi kuhongwa.

Rehani ina nguvu pale tu aliyeiweka anapoogopa kuipoteza. Kwa hiyo mtawala mjanja humtoa mtoto ambaye hatamlilia. Desturi hii humfunga mzazi mwenye huruma na kumwacha huru asiye nayo. Basi hata kwa kipimo cha faida inashindwa.

Lakini hata kama ingefaulu, kosa lingebaki. Shamba huwekwa rehani kwa sababu ni mali ya mtu, na mtoto si mali. Anayeahidi na aweke kilicho chake. Yiren hakuahidi chochote, ila shingo iliyokuwa hatarini ilikuwa yake.