Bure ya Nani? Nyimbo za Injili, Ma-DJ wa Mtandaoni na Jasho la Kwaya

Katika makanisa yetu ya Ngara na Biharamulo kuna swali lililoingia taratibu, bila kupiga hodi. Zamani wimbo wa kwaya ulisikika ibadani, ukapigwa redioni, kisha ukauzwa kwenye kanda. Leo kijana mwenye kompyuta, spika mbili na bando la wiki anaweza kuingia laivu saa mbili usiku, akapanga nyimbo za injili moja baada ya nyingine bila kukatika, na watu wa Rulenge, Kabanga, Nyakahura, Mwanza na hata Maskati wakamfuatilia. Wengine wanamtumia zawadi za mtandaoni. Wengine wanamtumia fedha kwa namba ya simu aliyoiandika kwenye kioo. Anaitwa DJ wa injili, na wengi wanamshukuru kwa sababu amewatia moyo baada ya siku ndefu ya shamba au ya safari.

Swali ni hili: fedha ile ni ya nani?

Tukiulizana hapo nje ya kanisa baada ya ibada, majibu huwa mawili. Wa kwanza husema neno la Mungu haliuzwi. Tulipewa bure, na tutoe bure. Wa pili husema mtenda kazi anastahili posho yake. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa amepungukiwa na jambo: huyu hana upendo, yule hana haki. Lakini tufungue Mathayo sura ya 10. Maneno yote mawili yako pale, katika hotuba moja, Bwana akiwatuma wanafunzi wale wale. Aya ya 8 inawaagiza watoe bure walichopokea bure. Aya ya 10 inawaambia kwamba mtenda kazi anastahili kulishwa. Bwana hakujipinga ndani ya pumzi moja. Basi sisi ndio tunaopaswa kuuliza vizuri zaidi: ni nani anayeambiwa atoe bure, na anatoa kitu cha nani?

Mtu akipata mgeni, akaenda kwenye mgomba wa jirani, akakata mkungu na kumpa mgeni, mgeni atashukuru na watoto wake watashiba. Lakini hatuwezi kusema mwenyeji huyo ni mkarimu. Ukarimu ni wa mwenye mgomba, na yeye hakuulizwa. Neno "bure" ni zuri sana likitoka kinywani mwa mwenye kitu. Likitoka kinywani mwa mwingine, ni jina jingine la kuchukua.

Tutazame kwanza jinsi wimbo unavyozaliwa huku kwetu. Mtunzi, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa kwaya asiye na mshahara, anakaa na sauti kichwani kwa majuma. Waimbaji wanafundishwa jioni baada ya kutoka shambani. Ikiamuliwa kurekodi, wanachangishana. Wengine wanauza maharage au kahawa, wengine wanakopa. Kuna nauli ya kwenda mjini kwenye studio, malipo ya fundi mitambo na mpiga kinanda, sare, na mpiga picha za video. Kwaya nyingi hubaki na deni hata baada ya kuzindua albamu. Kisha, kabla deni halijaisha, nyimbo zote zimo kwenye flashi za stendi, kibandani mtu anaingiza nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo kidogo, na mtandaoni DJ anazipiga usiku kucha. Fedha inazunguka kila mahali isipokuwa kwenye nyumba ya aliyeanza kuuimba wimbo huo.

Sheria ya nchi yetu haijanyamaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kunakiliwa, kusambazwa, kutumbuizwa hadharani na kutangazwa. Haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Waimbaji na aliyegharimia kurekodi nao wana haki zao katika ile rekodi. Kwa hiyo wimbo mmoja unaopigwa na DJ una milango miwili: mlango wa mtunzi wa maneno na sauti, na mlango wa wenye rekodi. COSOTA ilianzishwa chini ya sheria hiyo ili haki hizi zilindwe. Malipo yanayomrudia mwenye kazi huitwa mirabaha. Kijana anaweza kuwa amejisajili BASATA kama msanii, na hilo ni jema, lakini usajili wa kazi yake yeye haumpi ruhusa ya kazi ya mwingine.

Mitandao nayo ina taratibu zake. YouTube hulinganisha sauti inayopakiwa na rekodi ambazo wenyewe wameziandikisha. Ikifanana, mwenye rekodi anaweza kuizuia video, kuiacha, au kuchukua mapato ya matangazo yake. Ndiyo maana wakati mwingine ibada iliyorushwa inanyamazishwa katikati, na waumini wanasema shetani amevamia mitambo. Mara nyingi ni wimbo tu ambao hatukuuombea ruhusa. Lakini mfumo huo humtambua aliyeandikisha. Kwaya ya kijijini ambayo haijaandikisha chochote haionekani. Mbaya zaidi, mtu mwingine akitangulia kuiandikisha rekodi yao kwa jina lake, kwaya inaweza kuambiwa kwamba inatumia wimbo usio wake.

Tusidhani jambo hili ni letu peke yetu. Mwaka 2020, mikusanyiko iliposimamishwa katika nchi nyingi kwa sababu ya korona, ma-DJ wa Marekani na Ulaya walihamia mtandaoni kwa wingi, na wengi wakafutiwa video zao kwa kukosa ruhusa za muziki. Miaka minne baadaye, mwaka 2024, mtandao wa Twitch ulitangaza mapatano na makampuni makubwa ya muziki: DJ anaruhusiwa kupiga nyimbo zao mubashara, na sehemu ya mapato yake inakwenda kwa wenye muziki. Watu wa dunia, wasiodai kuwa wanamtumikia Bwana, walikubaliana kwamba DJ amefanya kazi, mwimbaji amefanya kazi, na wote wawili wale. Je, sisi tunaoimba habari za haki tutakuwa nyuma yao?

Sheria ya Marekani ina fundisho jingine. Inaruhusu nyimbo za ibada kuimbwa ndani ya nyumba ya ibada bila kulipia, lakini nafasi hiyo haivuki mlango: ibada ikirushwa hewani, ruhusa inahitajika. Nadhani kuna hekima ya kutosha hapo hata kwa asiyefuata sheria hiyo. Watu waliokusanyika kumwimbia Mungu ni jambo moja. Chombo kinachowafikia maelfu, chenye matangazo na zawadi, ni jambo jingine, hata kama wimbo ni ule ule.

Sasa tusikilize utetezi, maana ndugu zetu ma-DJ si wezi wa usiku. Wa kwanza husema: "Mimi naitangaza kwaya. Bila mimi nani angewajua?" Kuna ukweli hapa. Lakini sifa hailipi deni la studio, na mara nyingi jina la kwaya halitajwi hata mara moja katika saa mbili za laivu. Anayesema anawatangaza, aanze kwa kuwataja.

Wa pili husema: "Na mimi nimefanya kazi. Bando ni langu, umeme ni wangu, vyombo ni vyangu, na kuunganisha nyimbo ni ufundi." Huyu anasema kweli, na kanisa lisimdharau. Kijana aliyepata kazi halali kwa vidole vyake anastahili heshima yetu. Lakini hoja yake inamrudia. Kama jasho lake linastahili malipo, basi na jasho la mtunzi linastahili. Hawezi kukiita kipaji chake kazi na kipaji cha mwenzake sadaka.

Wa tatu husema: "Wenye nyimbo siwajui, wengine wako Burundi, wengine Rwanda." Hapa kwetu neno hili lina uzito. Sisi ni watu wa mpakani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikajaa. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ikaanza kusikika kutoka Ngara ili kuwahudumia. Na hata kabla ya hapo, tangu uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, nyimbo za wokovu zimekuwa zikivuka mipaka yetu bila pasipoti, kutoka lugha moja hadi nyingine. Hakuna aliyetoza, na Mungu alitukuzwa. Je, tunataka kuweka geti la ushuru kwenye wimbo?

Hapana. Tutofautishe. Tenzi za kale ambazo watunzi wake walikufa zamani, na sauti za asili za wazee wetu Wahangaza, Washubi na Wasubi, ni urithi wetu sote. Asijitokeze mtu kuzifungia kwa jina lake. Wenye uamsho walizitoa nyimbo zao wenyewe kwa mikono yao wenyewe, na hiyo ndiyo bure ya kweli. Lakini wimbo uliorekodiwa juzi na watu walio hai ni jambo jingine. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigali inapita kwetu, Nyakanazi, Lusahunga, Benaco hadi Rusumo. Kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali, ambayo wimbo wake "Kwetu Pazuri" umeimbwa Afrika Mashariki nzima, ilikuja Tanzania kuhudumu mwaka 2011, na katika safari ya kurudi nyumbani ikapata ajali iliyoondoa uhai wa baadhi ya waimbaji wake. Tunapoupiga wimbo wa watu kama hao, tukumbuke kwamba haukuokotwa. Na mwenye wimbo akiwa ng'ambo ya mpaka, haki yake haiishii darajani. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, na mkataba huo unataka kazi ya mgeni ilindwe kama ya mwenyeji.

Mtume Paulo anatusaidia katika 1 Wakorintho 9. Anatetea kwa hoja nyingi haki ya mhubiri kuishi kwa injili, kisha anasema yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo. Aliiacha kwa hiari. Hakuna Mkorintho aliyemwachisha. Kwaya ikisema, "Wimbo huu tumeutoa kwa Bwana, upigeni popote," tuupokee kwa furaha na kuupiga. Isiposema, tusiseme kwa niaba yake.

Kanisa nalo lijitazame, maana tunarusha ibada zetu na kuweka namba ya sadaka chini ya picha. Katika 2 Samweli 24 Arauna alimpa Daudi uwanja na ng'ombe bure, kwa moyo mweupe. Daudi alikataa, akanunua kwa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Sisi mara nyingine tunamtolea Mungu sadaka iliyomgharimu Arauna peke yake, tena bila kumuuliza.

Yapo mambo tunayoweza kuyafanya bila fedha nyingi. Kwaya iandike majina ya watunzi na tarehe za nyimbo zake, iandikishe kazi zake COSOTA, na ikubaliane na mtunzi kwa maandishi kabla ya kwenda studio, hata kama mtunzi huyo ni mwanakwaya. Kanisa lipige simu kabla ya kurusha wimbo wa kwaya nyingine. Wengi watakubali kwa furaha, tena watatuombea. DJ aombe ruhusa, ataje kwaya na mtunzi kila wimbo unapoanza, na akipokea zawadi, atenge fungu la wenye nyimbo kabla ya kula la kwake. Na msikilizaji anayetuma elfu moja kwa DJ akumbuke kwamba kwaya nayo ina namba ya simu.

Nehemia aliporudi Yerusalemu, tunasoma katika sura ya 13, aliwakuta waimbaji wa hekalu wamekimbilia kila mtu shambani kwake, kwa sababu hawakupewa mafungu yao. Hakuwakemea waimbaji kwa kupenda fedha. Aliwakemea viongozi, akawarudisha waimbaji mahali pao, akaweka watunza hazina waaminifu wa kugawa. Waimbaji wetu hawajakimbilia mashambani; hawajawahi kuyaacha. Wanalima mchana na kuimba jioni, na wanafanya hivyo kwa kumpenda Mungu. Upendo wao huo usiwe sababu ya sisi kuwanyima fungu lao. Wazee wa kanisa, walimu wa kwaya na vijana wa mitambo wakae meza moja mwaka huu, wahesabu pamoja kilichoingia kwa nyimbo hizo, na waulizane kwa upole kimekwenda wapi.