Kamba Mguuni



Kijana mmoja wa vilima vya barabara ya Butembo kwenda Beni alibaki nyuma baada ya mafundisho, akamwuliza katekista wake: "Mwalimu, kaka yangu ana wazimu. Tumemfunga kamba mguuni tangu mvua za kwanza. Je, sisi tuliomfunga tuna dhambi? Na yeye, aliyempiga mama kwa mpini wa jembe, ana dhambi?"

Tuanze na swali la pili, maana ni jepesi. Mmekwisha kufundishwa ya kuwa dhambi ya mauti yahitaji mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kuwa ni ovu, naye alikubali kwa hiari yake. Mtu ambaye akili zake zimevurugika hajui wala hataki kama tujuavyo na kutaka sisi. Mtoto akishikwa na malaria kali huweweseka, hutukana, hata huuma mkono unaomnywesha maji. Ni nani kati yenu aliyempeleka mtoto wa namna hiyo barazani ashtakiwe?

Wengine watajibu kwamba malaria ni ugonjwa, bali wazimu ni kulogwa, au ni malipo ya kosa la baba. Maneno hayo yamewapoteza wagonjwa wengi, na wazee wengi yamewaletea mashtaka wasiyostahili. Ubongo ni kiungo cha mwili kama tumbo na mguu, nao waweza kuugua. Mara nyingine ugonjwa huanza ujanani bila sababu ionekanayo. Tena nchi yetu imeona mambo ya kuvunja moyo wa mtu yeyote. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamekuwa wakiuawa kwa mapanga mashambani na vijijini. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini na majimbo jirani, na wengi walizikwa pasipo jamaa zao kuwagusa. Je, twashangaa mtu asipopata usingizi, au akisikia vilio ambavyo jirani havisikii?

Sasa swali la kwanza. Sitaki kuwahukumu upesi waliomfunga kijana yule. Nje ya nyumba yao kuna mto na msitu, na msituni kuna watu wenye silaha. Kamba ya usiku mmoja, iliyofungwa kwa hofu ya kumpoteza ndugu, si ukatili. Lakini kamba ya mwezi, kamba ya mwaka, inayokula nyama ya mguu, hiyo ni neno jingine. Tuulizane: tangu mlipomfunga, mmemtafutia dawa? Nani humwogesha? Nani hukaa karibu naye akala pamoja naye? Mtu hakupewa heshima yake na akili yake, hata ikiondoka iondoke nayo. Mtoto mchanga hana akili ya kutumia, naye aliyelala usingizi haitumii, wala hatusemi kwamba si watu.

Wala siwezi kunyamaza juu ya vyumba vya sala ambamo mgonjwa hufungwa na kunyimwa chakula, ati afunge pamoja na wanaomwombea. Kufunga ni tendo la hiari. Aliyenyimwa chakula hakufunga; ana njaa.

Zamani huko Ulaya nako wenye wazimu walitiwa minyororo. Mwaka 1815, katika mji wa Gent nchini Ubelgiji, Padri Petrus Jozef Triest na Mabruda wa Upendo aliowaanzisha waliwafungua wale waliokuwa wamefungiwa katika vyumba vya chini vya ngome ya kale. Mabruda hao ndio waliojenga kituo cha Sosame kule Bukavu, mwaka 1994, na kile cha Tulizo Letu kule Goma. Na katika Geel, mji mwingine wa Ubelgiji, kwa miaka mamia wenyeji wamewapokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao, wakila nao meza moja na kwenda nao shambani. Hawakuwa waganga, wengi walikuwa wakulima kama ninyi.

Basi katekista alimwambia kijana aende kwanza kwa mwuguzi wa kituo cha afya. Dawa zipo, lakini hazimalizi kazi kwa siku tatu. Hunywewa kwa miezi, na wengi hurudi kuugua kwa sababu waliziacha walipoona nafuu. (Mwenye kifafa naye apelekwe huko. Kifafa si wazimu, wala mate yake hayaambukizi; msimtengee sahani.)

Kijana alikuwa na swali la tatu, aliloliogopa kuliko yote. Kaka yake alikuwa mkatekumeni kabla ya kuugua. Je, asipopona, atakufa bila ubatizo? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 852, yamhesabu mtu asiyejimudu akili kama mtoto mchanga katika jambo la ubatizo: wengine waweza kumwombea. Lakini ikiwa ugonjwa huja na kuondoka, busara yataka angojewe siku ya utulivu, aulizwe mwenyewe.

Jina lake halijafutwa katika daftari. Jumapili iliyofuata katekista na mwuguzi walipanda kilima pamoja na kijana, wakamkuta ameketi chini ya migomba. Mwuguzi akaomba kwanza maji ya moto, apate kuosha kile kidonda cha mguu.