Nguvu Inayofika

Mtu anayechagua tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kwa ajili ya gari la barabarani hudhani ana swali la ufundi tu: anunue kubwa kiasi gani ili apate nguvu za farasi 400, 500 au 600? Ukilifuatilia swali hilo hadi mwisho utakuta linagusa jambo ambalo wanafalsafa na watu wa dini wamelijadili tangu kale, yaani ni wakati gani tunaweza kusema kwa haki kwamba mtu ana nguvu. Je, inatosha awe na uwezo mkubwa ulioandikwa mahali fulani, hata kama katika maisha yake yote hatafika pale uwezo huo unapoanza? Ninavyoona mimi haitoshi. Nguvu isiyofika mahali mtu anapoishi si yake, ni kitu anachokilisha na kukitunza. Ndiyo sababu tabo ndogo inayoiwahi safari yake inaweza kuwa chaguo la mwenye kutaka nguvu nyingi zaidi, wala si chaguo la mnyonge. Hoja hii naijenga kutokea Kitanga na nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kwa sababu huko hewa yenyewe inamlazimisha mtu kulijibu swali.

Injini hula hewa kabla ya kula petroli. Mji wa Kasulu uko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko wa namna hiyo injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya nane ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Hakuna kilichoharibika, hewa tu ni nyepesi. Inafaa kukumbuka kwamba tabo ilizaliwa kutokana na nia ya kurudisha nguvu inayopotea. Alfred Büchi wa Uswisi, aliyepata hataza yake mwaka 1905, alitaka kuikomboa nguvu iliyokuwa ikipotea bure na moshi. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi juu ya mlima Pikes Peak nchini Marekani, zaidi ya mita 4,200. Injini hiyo ilitoa nguvu za farasi zipatazo 350 chini, ikashuka hadi 230 kule juu, na ilipofungwa tabo ikapanda tena hadi 356. Moss hakuwa akitafuta kuizidisha injini ipite maumbile yake. Alikuwa akiirudishia haki yake iliyochukuliwa na mlima. Natamani kila mwenye gari wa nyanda za juu aanze kufikiri hapo, kwenye kurudisha, kabla ya kufikiri kuzidisha.

Sasa tuingie ndani ya kitu chenyewe. Moshi unaotoka kwenye silinda husukuma gurudumu la turbini, na gurudumu hilo, kwa shafti moja, huzungusha lingine linalosukuma hewa ndani ya injini. Shafti hiyo inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Gurudumu kubwa hubeba hewa nyingi lakini huhitaji moshi mwingi ili liamke, hivyo injini ya lita mbili iliyofungwa tabo kubwa mno inaweza kukaa imelala hadi mizunguko ya injini 4,000 kwa dakika na zaidi, kisha ikaamka yote kwa mkupuo. Gurudumu dogo huamka mapema, ila juu kabisa huishiwa pumzi na kuanza kuchemsha hewa badala ya kuijaza. Kila tabo ina chati yake inayoonyesha eneo inapofanya kazi vizuri. Upande mmoja wa eneo hilo hewa hurudi nyuma na kulipiga gurudumu, na upande mwingine gurudumu hukimbia bila faida. Kisha mwinuko huongeza hesabu yake. Ukitaka kuongeza presha ya baa 1 pale pwani, tabo inaibana hewa mara mbili. Kasulu, ambako presha ya hewa ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani, lazima iibane mara 2.15 kwa baa ile ile, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi, inapata moto zaidi, na inasogea mahali pengine kwenye chati. Tabo iliyokuwa sawa Dar es Salaam inaweza kuwa ukingoni mwa uwezo wake Kibondo. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, basi, haimo ndani ya chuma. Ni uhusiano kati ya chuma, injini, petroli, hewa na barabara. Aristotle aliliona jambo hili katika maadili aliposema kwamba kiasi sahihi hakipatikani kwa kugawanya namba katikati: chakula kilicho kingi mno kwa anayeanza mazoezi ni kidogo mno kwa Milo, mpiga mieleka. Kiasi hujulikana kwa kumjua mtu na kazi yake.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote umo kwenye magari ambayo Watanzania wengi wanayajua kwa macho. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari la kawaida lenye zaidi ya nguvu za farasi 280. Toyota ilikuwa na injini ya lita 2.5 iitwayo 1JZ-GTE, yenye tabo mbili, iliyofika kikomo hicho, na msuli wake mkubwa wa kuvuta ulipatikana kwenye mizunguko 4,800. Mwaka 1996 wahandisi waliziondoa tabo mbili wakaweka moja, wakaboresha vali, na kwenye Mark II na Chaser za wakati huo msuli mkubwa, tena ulioongezeka kidogo, ukashuka hadi mizunguko 2,400. Namba ya juu ilibaki 280 ile ile. Aliyesoma namba hiyo peke yake angeapa kwamba hakuna kilichofanyika, ilhali dereva alipata gari jingine kabisa, lenye nguvu pale anapokanyaga kila siku. Ni kweli kwamba baadhi ya magari ya Kijapani yalipita kikomo hicho kimyakimya, lakini hilo haliondoi ukweli wa mfano huu. Nayo Safari Rally ya Kenya inaunga mkono hoja hii. Toyota Celica ya tabo, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ilishinda mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986, miaka ambayo Audi na Peugeot walikuwa na magari ya kusukuma magurudumu yote manne. Siwezi kuupa ukubwa wa tabo sifa yote ya ushindi ule, kwa kuwa maandalizi na uimara vilikuwa na sehemu kubwa. Lakini kilichoshinda kilikuwa gari lililolingana na barabara yake.

Wapo watakaosema: fedha ni yangu, gari ni langu, kiasi kinakuhusu nini? Ingekuwa hoja nzuri kama barabara nayo ingekuwa yake. Kwenye njia ya Kasulu kwenda Kibondo wanapita watoto wa shule, baiskeli zilizobebeshwa ndizi na mkaa, bodaboda na ng'ombe, na penye makazi mwendo wa kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Nguvu inayolala kisha ikaamka yote kwa sekunde moja haimpi jirani nafasi ya kuisoma. Qur'ani, katika sura ya Al-Israa, inakataza ubadhirifu mara tu baada ya kutaja haki ya jamaa, maskini na msafiri, na Injili ya Luka inamzungumzia anayetaka kujenga mnara akakaa kwanza kuhesabu gharama. Sehemu zote mbili hazimnyimi mtu mali. Zinamtaka atazame walio kando yake na mwisho wa jambo lake.

Wengine hutetea akiba: nguvu nyingi ni usalama, unalipita lori mlimani haraka na kurudi upande wako. Nakubaliana nao juu ya lengo. Lakini akiba ya kusubiri hadi mizunguko 4,500 hufika lori likiwa bado ubavuni na gari jingine likishuka mbele. Anayetaka usalama wa kupita anataka tabo inayoamka mapema.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaoogopa kwamba kiasi kitaua ubora. Binadamu, wanasema, hakuumbwa kwa mahitaji tu. Msikiti mkuu wa Kilwa haukuhitaji kuba ili watu wasali. Hofu hiyo ni ya haki, na hoja yangu ingekuwa duni kama ingemkataza mtu kupenda kitu kilichozidi haja. Lakini waashi wa Kilwa walijenga kwa mawe ya matumbawe, na uzuri wa kazi yao ni kwamba kuba zimekaa juu ya nguzo. Tabo kubwa juu ya pistoni za kiwandani, gasketi ya hedi ya kawaida na breki zile zile ni kuba bila nguzo. Mwenye gari la mashindano, anayeishi kati ya mizunguko 6,000 na 8,000, anayo haki kamili ya tabo kubwa, maana huko ndiko aliko.

Liko lalamiko moja ambalo halipaswi kupuuzwa: kwamba mahubiri ya kiasi huelekezwa daima kwa watu wa pembezoni, na Kigoma imesubiri lami miaka mingi kuliko mikoa mingi. Kama kiasi kingekuwa na maana ya kuridhika na kidogo, ningekaa upande wa walalamikaji. Ila mtu wa Kitanga au Kibondo, ambaye mlima umeshampunguzia hewa na vumbi jekundu linakula gurudumu la tabo kila chujio linapochoka, ndiye anayeibiwa zaidi na namba zilizopimwa kwenye usawa wa bahari. Anachostahili ni fundi atakayemuuliza kabla ya kumuuzia chochote: injini yako inazunguka mara ngapi kwa dakika kwa saa nyingi za wiki, ukiwa umebeba nini, kwenye mlima upi, na petroli unainunua wapi? Kwa majibu hayo chati inasomeka, na mara nyingi kidole kitaangukia tabo ndogo kuliko aliyoijia dukani, yenye nguvu nyingi zaidi kati ya Kasulu na nyumbani kwake.