Sultani Aliyelindwa kwa Karatasi

Maji ya Tana tunayoyatazama tukivuka daraja la Garissa huteremka kupitia Hola na Garsen hadi Kipini, yakamwagika baharini. Karibu na huko, ndani ya msitu, palikuwa na usultani wa Witu. Kila baraza linapoitishwa Garissa au Ijara ili watu wasomewe mkataba wa ardhi, mimi huikumbuka Witu, na natamani kila mzee anayekabidhiwa kalamu aijue habari yake.

Mwenye mji alikuwa Ahmad, wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, maarufu kwa jina la Simba. Alifukuzwa pwani na nguvu za Unguja, akajichimbia Witu katika miaka ya 1860. Watumwa waliotoroka mashambani walimkimbilia, na pamoja nao kila aliyekuwa na ugomvi na Unguja. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuulinda mji ule, kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kwenda. Watu hao na ule msitu ndio waliokuwa ngome yake.

Lakini Simba alitaka mlinzi mkubwa zaidi. Mwezi wa Aprili 1885 aliwauzia ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, ardhi ya maili 25 za mraba, na nchi yake iliyobaki ikaingia chini ya ulinzi wa Ujerumani. Sayyid Barghash wa Unguja akapeleka askari. Ujerumani ikamshinikiza, akawarudisha. Naona hapo ndipo msiba ulipoanzia, maana kinga ile ilifanya kazi mara ya kwanza, na kitu kilichokuokoa mara moja ni vigumu kukitilia shaka.

Simba alipofariki, kiti kikamwangukia Fumo Bakari. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitiliana saini mkataba wa kugawana maslahi yao. Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland huko kwao Ulaya, na miongoni mwa vitu ilivyoviachia ni Witu. Fumo Bakari hakuulizwa.

Hata hao Waingereza waliwahi kuwa na mfalme aliyetafuta mlinzi wa mbali kama Simba. John, mwezi wa Mei 1213, aliutoa ufalme wake kwa Papa Innocent wa Tatu, akaupokea tena kama mtumishi wake kwa ahadi ya kulipa marki 1,000 kila mwaka. Mwaka 1215 makabaila wake walimlazimisha kuukubali mkataba wa haki zao, Magna Carta, na Papa akaubatilisha. Barua ya Roma haikuzima vita nyumbani. Alikufa Oktoba 1216, adui zake wakiwa wameshika sehemu kubwa ya nchi.

Sisi leo tuna kinga ambayo watu wa Witu hawakuwa nayo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yapitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii, mkutanoni. Nawasihi wazee wasiione sharti hilo kuwa usumbufu. Hao thuluthi mbili ndio watakaobaki hapa siku mwekezaji atakapoiuza hisa yake kwa mwingine.

Turudi kwa Fumo Bakari. Septemba 1890 alifika Witu Mjerumani aitwaye Küntzel na wenzake, wakitaka kukata mbao. Yakazuka maneno makali, wakanyang'anywa silaha, na walipolazimisha kutoka langoni mapigano yakaanza. Küntzel na wengi wa wenzake wakauawa. Hasira ya Fumo Bakari naielewa, alichokifanya sikitetei. Waliomuuza walikuwa Berlin na London, naye akaruhusu damu ya wakata mbao imwagike, akawapa Waingereza sababu ya kuja.

Walikuja Oktoba, wakiongozwa na Admirali Fremantle. Tarehe 27 waliuteketeza mji. Kichwa cha Fumo Bakari kikatangaziwa zawadi ya rupia 10,000. Msitu uliokuwa umewaficha watoro wa pwani nzima sasa ukamficha yeye, na Januari 1891 akafa, naye akiwa mtoro.